Miaka Tisa ya Kimombo, Dakika Kumi na Nne za Kufungua Mdomo

Najua wengine mko kafe na dakika zinakimbia, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Hivi mmewahi kujiuliza ni lini katika maisha yako ya shule ulipewa mtihani wa KUONGEA Kiingereza? Sizungumzii zoezi la darasani, wala mwalimu kukuuliza swali la ghafla ukasimama ukakuna kichwa. Nasema mtihani wenyewe, wenye alama, ambao ukishindwa kufungua mdomo unafeli. Fikiria vizuri. Kama umesoma shule ya serikali hapa kwetu Rufiji, jibu ni kwamba haujawahi. Darasa la saba unasiliba vishimo kwa penseli. Kidato cha nne mtihani wa English wa NECTA ni karatasi ya saa tatu, wewe na kalamu yako. Unaandika barua, unajaza nafasi zilizoachwa wazi, unachambua hadithi mlizosoma. Baraza halijawahi kutaka kusikia sauti yako hata kwa dakika moja.

Sasa ukipiga hesabu ya miaka ya kujifunza Kiingereza shule ya msingi ukajumlisha na minne ya sekondari, unapata miaka tisa au zaidi. Miaka tisa! Halafu siku moja kijana wa Chumbi anapata nafasi, iwe ni chuo cha nje, iwe ni kazi ya uuguzi Uingereza, anaambiwa: sawa, tuletee cheti cha kupima Kiingereza. Anaangalia mtihani ulivyo, kusikiliza, kusoma, kuandika, haya yote anaweza kuyasogelea. Akifika sehemu ya nne anakuta ni kuongea, mdomo kwa mdomo, na mtu asiyemjua, huku kinasa sauti kinazunguka. Hapo ndipo miaka tisa inapoulizwa swali ambalo haikuandaliwa kulijibu.

Nalileta suala hili sasa hivi kwa sababu mlango unazidi kuwa mwembamba. Uingereza kuanzia tarehe 8 Januari 2026 ilipandisha kiwango cha lugha kwa wanaoomba viza ya wafanyakazi wenye ujuzi, kutoka ngazi ya B1 kwenda B2. Kwa lugha ya mtihani wa IELTS ni kama kutoka 4.0 kwenda 5.5, na hiyo 5.5 unaitakiwa kila sehemu, kuongea ikiwemo. Wauguzi wao wanabanwa zaidi: baraza lao la uuguzi kule linataka 7.0 kwenye kuongea, kusikiliza na kusoma, na 6.5 kwenye kuandika. Na Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Uingereza inazihesabu kuwa watu wake wanazungumza Kiingereza kama lugha yao. Msije mkadhani tumeonewa peke yetu, hakuna nchi hata moja ya Afrika kwenye orodha ile, hata Nigeria. Vijana wa Nigeria mwaka 2021 walianzisha kampeni mtandaoni wakihoji kwa nini mtu aliyesoma kwa Kiingereza tangu chekechea mpaka digrii alipe tena pesa kuthibitisha anakijua. Swali zuri sana. Ila kwetu sisi, tuwe wakweli, swali lina upande wa pili, kwa sababu cheti chetu kinasema tumesoma kwa Kiingereza wakati darasani mambo yalikuwa tofauti kabisa.

Wote tunajua ilivyokuwa. Mwalimu anaandika notisi ubaoni kwa Kiingereza, anageuka anaeleza kwa Kiswahili, mnanakili, kengele inalia. Biolojia kwa Kiswahili, historia kwa Kiswahili, na siku ya mtihani mnarudisha sentensi zilezile za ubaoni. Simlaumu mwalimu hata kidogo. Angefanyaje? Shule zetu za kata nyingi zilijengwa kwa haraka kuanzia 2006, majengo yakatangulia, walimu wakafuata taratibu. Mwalimu angeshikilia Kiingereza kitupu darasa zima lingemwangalia tu.

Na wale waliojaribu kutulazimisha kuongea walitumia njia gani? Kibao shingoni! Shule niliyosoma mimi (jina nalihifadhi) ukikamatwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao, unakaa nacho mpaka umkamate mwenzio naye anaongea Kiswahili umhamishie. Matokeo yake unayajua hata kama hukusoma pale. Shule nzima ilikuwa kimya. Wanafunzi wakaongea kwa ishara, wakaongelea vyooni, wakakimbilia kwenye miembe nyuma ya shule. Tulifundishwa kwamba Kiingereza ni kitu cha kuogopa, na kwamba njia salama ni kunyamaza. Halafu leo mtahini anakwambia: tell me about your hometown. Mdomo unakumbuka kibao.

Haya mambo si mageni serikalini. Tume ya Rais ya Elimu, ile ya Makwetta, mwaka 1982 ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Haikufanyika. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakaja kupima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakakuta hali ni mbaya kiasi kwamba wengi hawaelewi wanachofundishwa. Kilichofuata ni mradi wa kusaidia Kiingereza, vitabu vya hadithi vikaletwa mashuleni. Mwaka huohuo wa 1984 Mwalimu Nyerere naye alikilinganisha Kiingereza na Kiswahili, kwamba kazi ya Kiswahili hapa nyumbani ndiyo kazi ya Kiingereza duniani. Miaka ikapita. Februari 2015 Kikwete akazindua Sera ya Elimu ya 2014 iliyofungua mlango kwa Kiswahili ngazi zote, tukapiga makofi. Mwanzoni mwa 2025 kule Dodoma Rais Samia akazindua sera hiyohiyo toleo la 2023, na sekondari ikabaki kwa Kiingereza. Profesa Martha Qorro wa Mlimani amekuwa akieleza kwa miaka mingi kwamba kujifunza Kiingereza na kufundishwa kila somo kwa Kiingereza ni vitu viwili tofauti, unaweza kukijua vizuri kwa kufundishwa vizuri kama somo. Mimi nakubaliana naye kabisa, ila kwenye ugomvi huu wote wa miaka arobaini mnisaidie kitu kimoja: nani alisema tumpime mtoto kwa mdomo? Tunabishana lugha gani iandikwe ubaoni. Kuongea hakumo kwenye hoja.

Na tusidhani majirani wamemaliza tatizo. Kenya, ambao tunawaonea wivu kwa kutema ung'eng'e, mtihani wao wa KCSE una kipengele kinachoitwa stadi za mazungumzo, lakini kinaulizwa kwenye karatasi na kinajibiwa kwa kalamu! Unaandika jinsi ambavyo ungeongea. Mtanisamehe, nilicheka.

SASA MTIHANI WENYEWE UKOJE

Naeleza IELTS kwa sababu ndio unaotajwa sana hapa kwetu. TOEFL ya Wamarekani nayo ina kuongea tangu walipoleta ile ya kompyuta mwaka 2005, ila kule unaongea na maikrofoni, hakuna mtu mbele yako, na muundo wake wameubadilisha zaidi ya mara moja, kwa hiyo ukitumia kitabu cha zamani ulichonunua mtaani utajiandaa kwa mtihani ambao haupo.

IELTS ya kuongea ni kati ya dakika 11 na 14. Mtahini mmoja, mtahiniwa mmoja, na mazungumzo yanarekodiwa. Kipande cha kwanza kama dakika nne au tano ni maswali ya kawaida: unakaa wapi, unafanya nini, unapenda chakula gani, mvua je. Kipande cha pili unapewa kikadi chenye mada, dakika moja ya kujiandaa na karatasi ya kunukuu, halafu unaongea mwenyewe dakika moja mpaka mbili bila kuingiliwa. Kipande cha tatu ni mjadala, dakika nne au tano tena, maswali yanapanda juu: kwa nini watu wanahama vijijini, serikali ifanye nini, zamani na sasa vinatofautianaje. Alama zinatokana na vitu vinne vyenye uzito sawa, yaani mtiririko wa maongezi, utajiri wa maneno, sarufi, na matamshi.

Angalia hapo vizuri. Hakuna sehemu ya kupima kama ulichosema ni kweli! Mtahini haendi Chumbi kuhakiki kama kweli babu yako alikuwa na mtumbwi. Anapima lugha. Ukiulizwa kitabu unachokipenda na hujasoma kitabu tangu shule, tunga. (Kuna rafiki yangu mmoja mshika dini aliniuliza kama hiyo haihesabiwi kuwa ni uongo. Nikamwambia amuulize shehe wake, mimi nipo kwenye sarufi tu.)

Kipande cha kwanza watu wengi wanakidharau kwa sababu maswali ni mepesi. Kumbe ndipo sisi watu wa pwani tunapoumia, na sababu yenyewe ni adabu. Sisi tumelelewa vipi? Mkubwa akikuuliza unajibu kwa ufupi, macho chini, sauti ndogo. "Umekula?" "Ndiyo mjomba." "Baba yako yupo?" "Hayupo mjomba." Ukiongeza maneno unaambiwa una mdomo, mtoto gani huyu. Sasa mtahini mtu mzima anakuuliza kama unapenda sehemu unayoishi, wewe unajibu yes. Basi. Unasubiri swali lingine kwa heshima zote. Yeye anaona mtu asiye na lugha. Mtihani ule unataka mtoto mwenye mdomo! Unataka useme ndiyo, napenda, kwa sababu kuna mto, na jamaa zangu wote wako karibu, ingawa masika barabara za ndani zinakuwa shida. Sentensi mbili tatu kila swali. Na macho juu. Kwa mila ya mtihani ule kumwangalia machoni hakuhesabiwi kuwa ni ujeuri.

Halafu kipande cha pili. Hapa naomba tukae kidogo.

Vitabu vya kujiandaa vinavyouzwa mjini na mafaili ya PDF mnayopakua hapo kafe yana majibu ya mfano. Unakuta jibu linaelezea makumbusho ya London, au likizo ya kuteleza kwenye theluji. Kijana wa Nyamwage anakariri theluji! Watahini wamefundishwa kugundua jibu la kukariri, na wakiligundua halikusaidii kitu. Na kusema kweli sauti yenyewe inakusaliti: unatiririka kama redio kwenye theluji, ukiulizwa swali dogo la nyongeza unakwama kama gari kwenye matope ya Muhoro.

Wakati huo umezungukwa na mada. Kikadi kinaweza kusema elezea mahali penye maji: unao Mto Rufiji, mkubwa kuliko yote nchini. Elezea jengo au kazi ya ujenzi iliyobadilisha maisha ya watu: Daraja la Mkapa, karibu kilomita nzima kwa urefu, lililofunguliwa 2003, na kabla yake watu wa kusini walikuwa wanasubiri kivuko pale Ndundu, mafuriko yakija safari imekufa. Muulize mzee yeyote hapo kwenu alilala siku ngapi upande wa pili. Elezea tukio la hali ya hewa: mafuriko ya Aprili 2024, Rufiji na Kibiti, mashamba ya mpunga chini ya maji, watu kuhamishwa kwa boti. Elezea mnyama, elezea safari, elezea mradi mkubwa: Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, na ubishi wetu wote wa vijiweni kama bwawa lile linazuia mafuriko au linayaleta. Elezea mtu aliyekufundisha kitu: bibi na shamba la ufuta. Hivi vitu unavijua kwa Kiswahili mpaka usingizini. Kilichobaki ni maneno. Unahitaji kujua kivuko wanaitaje, mafuriko wanaitaje, kingo za mto, kuvuna, kukwama. Maneno mia mbili ya maisha yako mwenyewe yana faida kuliko elfu mbili ya theluji.

Zoezi lake halina gharama. Chukua simu, hata ya mtu, weka saa. Dakika moja andika maneno matano tu (si sentensi!), halafu washa kinasa sauti uongee dakika mbili bila kusimama. Mara ya kwanza utaishiwa kwenye sekunde ya 35, kila mtu anaishiwa hapo. Sikiliza. Utajichukia sauti yako, hiyo ni kawaida. Rudia mada ileile kesho yake, halafu keshokutwa. Siku ya nne utashangaa. Na ukiwa kwenye mtihani halafu mtahini akakukata katikati ya sentensi usifadhaike, dakika mbili zimeisha tu, hajakasirika.

Kuhusu matamshi naomba niwatoe hofu. Watu wanadhani lazima uongee yai, upitishe maneno puani kama mtangazaji. Hapana. Lafudhi yako ya kiafrika haikupunguzii alama, kinachotakiwa ni ueleweke bila mtu kuhangaika. Na hapa mtu wa pwani ana urithi ambao hajui kama anao. Wale wanaojifunza Kiingereza kutoka nchi nyingi wanateseka na herufi za th, wanasema "sink" wakitaka kusema "think", "zis" badala ya "this". Wewe unasema thamani, thelathini, dhahabu, dhambi tangu madrasa. Sauti zote mbili unazo mdomoni tayari! Shida yetu iko kwingine. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza kinazo nyingi zaidi, kwa hiyo "ship" na "sheep" kwetu ni kitu kimoja, na "work" na "walk" nazo tunazichanganya. Pia tunapenda kumalizia neno kwa irabu, buku, bedi, benki. Hizo ndizo za kufanyia kazi, puani achana nako.

Na kuna hili la "he" na "she". Kiswahili hakimtofautishi mwanamume na mwanamke, yeye ni yeye. Kwa hiyo unamwelezea mama yako vizuri kabisa halafu katikati mama anageuka "he". Ukijirekodi utasikia mara ngapi mama yako amegeuka baba. Vilevile nyakati: tukio la mwaka juzi unalianza kwa wakati uliopita, baada ya sentensi tatu umerudi wakati uliopo kwa sababu hadithi imenoga. Watahini wanalisikia hilo mara moja.

Kipande cha tatu sasa, mjadala. Shule zetu zina mdahalo, tena kila wiki kwingine, na mada zinajulikana nchi nzima: maisha ya kijijini ni bora kuliko mjini, elimu ni bora kuliko pesa. Lakini mmeona inavyokwenda? Wanasimama walewale watano, wanaanza na ile salamu ndefu ya kumtaja mwenyekiti, katibu, mtunza muda na wasikilizaji wote, salamu inakula dakika nzima, halafu hoja zimekaririwa. Wengine mia tatu wamekaa wanapiga makofi. Huo si mjadala. Mjadala halisi uko kijiweni, Simba na Yanga, refa kaonga au hajaonga, nani alipaswa kuanza. Pale kila mtu anatoa hoja, anatoa mfano, anakubali kidogo halafu anageuza: "sawa, hapo una point, lakini..." Hicho ndicho mtahini anachokitafuta kwenye kipande cha tatu! Ubongo wa kubishana tunao, tena wa kutosha. Ushauri wangu, na mwenye wa kwake atasema, ni kubishana mada kwa Kiswahili kwanza na rafiki yako mpaka muwe na hoja, halafu mbishane ileile kwa Kiingereza kibovu mlichonacho. Anayejaribu kutafuta hoja na lugha kwa wakati mmoja anapoteza vyote.

Usiposikia swali mwombe arudie. Kuomba kurudiwa si kosa, kujibu swali ambalo hukuulizwa ndiyo tabu.

Mkitaka ushahidi kwamba kuongea kunajifunzwa kwa kuongea, nendeni Mloka. Iko hapahapa Rufiji, lango la Mtemere la Hifadhi ya Nyerere, ile iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019. Utakuta jamaa kaishia darasa la saba, anaendesha boti la watalii, anaeleza kiboko na mamba kwa Kiingereza dakika arobaini, anataniana na wazungu, anajibu maswali. Sarufi yake ina matundu, sikatai. Lakini mweke kwenye kiti kile na mhitimu wa kidato cha sita mwenye "B" ya English, uone nani ataishiwa maneno kwanza. Yule wa Mloka hakuwahi kuvishwa kibao. Alikuwa na sababu ya kuongea na mtu wa kuongea naye. Shule ilitupa vitabu, hivyo viwili haikutupa.

Na sasa tuje kwenye maumivu, PESA. Ada ya IELTS ni laki kadhaa za shilingi. Kabla ya hapo unahitaji kitambulisho cha uhakika, na kwa wanaokwenda nje hiyo ni pasipoti, ambayo tangu zilipoingia za kielektroniki 2018 ada yake ni shilingi 150,000. Halafu mtihani unafanyikia Dar. Kutoka Chumbi unapanda basi mpaka Mbagala Rangi Tatu, zaidi ya kilomita 150, halafu utafute namna ya kuingia mjini. Na watu wengi hawalijui hili: sehemu ya kuongea si lazima iwe siku moja na zile tatu nyingine. Inaweza kupangwa siku nyingine, mpaka wiki moja kabla au baada. Kwa mtoto wa Masaki hilo halina maana yoyote. Kwa mtu wa huku ni nauli mara mbili, au kulala kwa shangazi Mbagala wiki nzima huku shamba la ufuta linakungoja. Kwa hiyo ukijisajili hakikisha unaangalia tarehe ya kuongea KABLA hujakata tiketi.

Matokeo yenyewe yanahesabika miaka miwili tu. Ukifanya mtihani leo halafu nafasi ikaja baada ya miaka mitatu, unaanza upya na laki zako. Ndiyo maana nasema usikimbilie kulipa. Uliza kwanza hicho chuo unachokiomba kama kinataka IELTS kweli, maana vyuo vingine hukubali barua ya chuo chako kwamba ulisoma kwa Kiingereza, au hukutathmini vyenyewe. Swali la barua pepe moja hapo kafe linaweza kukuokolea mauzo ya magunia kadhaa.

Na wale wanaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram wakiuza "cheti bila kufanya mtihani", msidanganyike. Chuo au ubalozi wanahakiki namba ya cheti mtandaoni. Ukikamatwa na cheti feki umejifungia mlango mwenyewe kwa miaka. Wanaouza "maswali yaliyovuja" nao ni haohao. Mada zinazunguka, ndiyo, na watu huzisimulia baada ya mtihani, lakini orodha hizo zipo bure na hakuna anayejua utapewa ipi.

Mtauliza, kwani lazima twende nje? Si lazima. Kiswahili kina siku yake duniani, tarehe 7 Julai, UNESCO waliitangaza mwaka 2021, na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi 2022. Nafurahi kama ninyi. Lakini angalieni matangazo ya kazi hapahapa Bongo, mashirika, mahoteli, mabenki: usaili kwa Kiingereza, mdomo kwa mdomo. Tofauti ni kwamba usaili ule hauna vitabu vya kujiandaa wala vigezo vinne vilivyoandikwa, na hakuna anayekwambia umefelia wapi. Unaambiwa tu tutakupigia simu.

Ninachokitaka mimi kutoka kwa wakubwa ni kidogo sana. Mitaala imebadilishwa, sera imezinduliwa, vizuri. Basi wekeni dakika kumi za kuongea kwenye mtihani wa English wa kidato cha nne, hata kama ni alama 15 kati ya 100. Najua mtasema watahini watatoka wapi, watoto ni laki kadhaa kila mwaka. Lakini masomo ya sayansi yana mtihani wa vitendo, na maabara ni ghali kuliko viti viwili na simu ya kurekodi. Kikiwepo kwenye mtihani kitafundishwa, mnajua wenyewe nchi hii inavyofundisha kwa kufuata mtihani. Mwalimu wa Chumbi atalazimika kuwapa watoto nafasi ya kuongea, na kile kibao kitatupwa jalalani siku hiyohiyo kwa sababu mwalimu mwenyewe atataka waongee, hata kwa makosa.

Sasa nyie mliokwisha kukaa kwenye kile kiti, shukeni hapo chini mtuambie mlipewa kikadi gani na mliishiwa maneno wapi. Na kama kuna mtu yuko Ikwiriri, Kibiti au Utete anatafuta mtu wa kufanya naye mazoezi ya kubishana jioni, aseme, tupo watatu mpaka sasa na mada ya kwanza ni bwawa.